Sauti Nne za Dionis

Levina hakuwa mtu wa kubishana. Miaka yote katika kwaya ya Kwihara aliimba sauti ya pili, akasimama mstari wa nyuma, akakubali kila kilichoamuliwa. Ila siku ile, kwenye kibanda cha fundi Sadiki mjini Tabora, aliweka mkono juu ya kompyuta ya kwaya akasema haipigwi windows mpaka amsikie mume wake.

Mumewe, Dionis, alikuwa mwalimu wa kwaya, na alifariki kabla ya Kwaresima. Alikuwa na mtindo wake: kila wimbo mpya alijirekodi peke yake sauti zote nne, kuanzia ya kwanza ya akina mama mpaka besi, ili kila kundi lijifunze upande wake. Rekodi hizo zilikuwa ndani ya kompyuta hiyo tu.

Sasa kompyuta ilikuwa imejaa virusi, hata kuwaka ni kazi. Dawa, alisema Sadiki, ni kufuta kila kitu na kupiga windows upya. Kwa uungwana wake akayahamishia mafaili kwenye flashi kwanza. Levina akaomba ayafungue. Picha za mahafali, filamu za vijana, barua za parokia. Dionis hakuwemo.

Valentino, mwenyekiti wa kwaya, akaanza kutazama saa. Nyimbo za Jumapili zinachapwa humo, alisema, na marehemu aachwe apumzike. Maneno gani hayo ya kumwambia mjane!

"Mwenyekiti, nimekutii miaka yote," Levina alisema. "Leo sikutii. Kama sauti yake haipo, kompyuta hii narudi nayo nyumbani, mje mninyang'anye."

Akaikumbatia pale pale mezani, kifua kikimpanda kwa hasira. Hasira hiyo ndiyo iliyomkumbusha ya Dionis, mwaka ule kwaya ya jirani ilipowaibia wimbo wa Pasaka na kuuimba mashindanoni kabla yao. Tangu hapo Dionis akawa anaficha nyimbo zake, na nyumbani akijisifu kwamba hakuna mwizi anayepekua takataka.

"Mwanangu," Levina alimwambia Sadiki, "lile pipa la taka hapo kwenye kioo cha kompyuta, ulilitazama?"

Sadiki akakiri kwamba hakulitazama. Nani huhamisha takataka? Akalifungua, akayarudisha yaliyokuwamo, akabonyeza la kwanza.

Kikasikika kikohozi. Kisha Dionis akapanda sauti ya akina mama, nyembamba, ikamkwama huko juu, akajicheka mwenyewe.

"Haya, sauti ya pili, njooni," akasema.

Levina akaja. Aliimba upande wake mpaka mwisho, machozi yakimtoka, bila kumwomba mtu radhi. Valentino akavua kofia yake.

"Zihamishe kwenye flashi mbili," Levina akamwambia fundi. "Moja ya kwaya, moja yangu. Nizisikie zote mbili, ndipo ufute."