Mbuzi wa Siwema

Mbuzi jike mmoja, tena mwenye mimba, kwa hiyo mimi namhesabu wawili. Majogoo wawili. Kaniki mpya ambayo mama hakuwahi kuivaa hata mara moja. Pishi ya mchele, na ubani ambao sikuupima kwa sababu ulikuwa ukiniingia machoni. Hivyo ndivyo vilivyotutoka nyumbani ili mdogo wangu Siwema aache kuwa Siwema. Wenzangu wakinusa ubani hukumbuka Maulidi na harusi. Mimi namkumbuka yule mbuzi.

Tulikuwa watu wa bondeni, chini ya Kibiti, huko ambako Mto Rufiji huanza kujigawa vijito kabla haujaifikia bahari. Kila mwaka mto ulipanda, ukatutembelea mashambani, ukarudi zake, nasi tukaishi kwa tope ulilotuachia. Mpunga ukianza kukomaa tulihamia dunguni, kibanda chetu cha juu ya nguzo, tukashinda tukifukuza ndege kwa kelele. Kazi hiyo ilinifaa. Sauti yangu ilitosha mashamba matatu, na majirani wawili walikuwa wakifaidi bila kunilipa. Bei nazo nilizijua mapema. Mama alinituma mimi dukani kwa Baniani, maana yule mzee, baada ya kubishana nami juu ya kibaba cha chumvi, aliongeza kidogo ili niondoke tu.

Siwema alikuwa kitu kingine. Yeye ndege aliwapungia mkono kama anayewaaga. Ngoma ikilia aliingia chini ya dungu akaziba masikio. Kuku akichinjwa, hakula nyama yake, tena alimtaja kwa jina. Na alikuwa akijua mambo asiyoambiwa. Baba na mjomba walikaa siku moja wakicheka mpaka mbavu zikawauma; Siwema akaanza kulia. Kesho yake wakagombea mpaka wa shamba, wakanuniana msimu mzima. Angeweza kukaa tangu asubuhi akiangalia maji, na ukimuuliza anafikiri nini, anakujibu, "Bado."

"Bado!" nikamwambia. "Wenzio tunafikiri mara moja tunamaliza."

Bibi, mzaa mama, ndiye aliyekata shauri kwamba mtoto ana shetani. Akaletwa fundi wa kupunga kutoka Ngorongo, mzee wa sauti nene, na wapiga ngoma waliokula kabla ya kazi na baada ya kazi. Siwema akakalishwa kitini, akafunikwa ile kaniki, akafukizwa ubani mpaka nikadhani wanamkausha kama samaki. Ngoma zikapigwa. Shetani hakupanda. Fundi akacheza, akazunguka, akapiga kelele, jasho likamtoka. Ndipo mkono mdogo ukaifunua kaniki, na Siwema akasema kwa upole, "Babu, kaa kwanza. Kiuno kinakuuma."

Ngoma zikanyamaza. Fundi aliganda mguu mmoja juu, na kwa jinsi alivyoushusha, sote tuliona kwamba kiuno kinamuuma kweli.

"Mmesikia?" akasema alipopata pumzi. "Huyo anayesema ni shetani mwenyewe!"

Hapo ndipo jogoo wa pili alipoingia katika hesabu, kwani shetani mwenye maarifa, tukaambiwa, hatoki kwa jogoo mmoja. Nilijaribu kumwomba fundi apunguze. Bibi akanizaba kofi. Nikajifunza kwamba shetani hapunguzwi bei.

Siwema hakupona.

Halafu vita vikaja. Kwanza ilikuwa shamba la pamba la akida, ambako wanaume wetu walilima kwa viboko wakalipwa karibu na bure. Kisha habari zikashuka kutoka Ngarambe kwamba yapo maji, na kwamba atakayeyanywa, risasi za Wadachi zitageuka maji, zimwagike mwilini mwake kama mvua. Baba akaenda. Alirudi na kibuyu kidogo kimening'inia shingoni, amenyooka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Sijapata kumwona mzuri kama siku ile. Akaondoka kwenda vitani na majirani wengi, akarudi na wachache, na kibuyu hana. Kila mtu alimuuliza ilikuwaje. Siwema peke yake hakumuuliza. Aliketi nyuma yake, mgongo kwa mgongo, mpaka jua lilipogeuka baba akaomba chakula.

Askari wakafuata. Wakachoma nyumba, wakachoma maghala, wakachoma hata madungu. Tukakimbilia mikokoni, katikati ya vijito, mahali ambapo mguu ukiingia topeni huutoi bila kuuomba. Tulikula ndiga, kile kiazi cha mwituni ambacho usipokiloweka siku nyingi kinakuua kabla ya njaa. Lakini Bibi alikuwa na kikapu cha mpunga wa mbegu, akakilalia kama kuku anayeatamia, na kando yake kitambaa chenye mchele kiasi cha sahani moja. Huo ulikuwa wa mgeni.

"Mgeni gani huku, Bibi?" nilimuuliza.

"Mgeni hana ramani," akanijibu. "Sisi tumekimbia, hatujawa wanyama."

Na kweli mgeni akaja. Asubuhi moja mtumbwi ulijipenyeza kati ya mizizi, na ndani yake yumo Athumani wa Mbwara, kijana aliyelima pamba ya akida bega kwa bega na baba. Watu walimlaki kwa machozi. Alikuwa amevimba macho, na shingoni amejizungushia kitambaa chekundu kizuri, ingawa joto lilikuwa la kuchemsha ubongo.

Akatoa habari. Boma la Wadachi limesamehe. Wanaume watoke, wafike kivukoni alasiri ileile na mikuki yao, wataiweka chini, watapewa chumvi na mbegu, kila mtu arudi kwake. Mjue, wasomaji wangu, kwamba tulikuwa tumechoka kiasi cha kuamini chochote chenye chumvi ndani yake. Baba akaanza kuusafisha mkuki wake kwa majani, ili akausalimishe ukiwa na heshima.

Bibi akapika mchele wa mgeni. Ule mvuke ulipopanda, watoto wote tulisogea bila kujua tumesogea. Athumani akanawa, akamega tonge, akalifinyanga, akalirudisha sahanini.

"Karibu, mwanangu, kula."

"Ahsante, Bibi. Nimeshiba."

Akabembelezwa mara ya pili, akafinyanga lilelile, akalirudisha. Kwetu mgeni mwenye adabu hukataa kwanza, na wakati wa njaa hukataa zaidi ili watoto wapate. "Amelelewa huyu!" Bibi akasema, na wanawake wakaitikia kwa kumsifu mama yake aliyemzaa. Mimi nilikuwa nimekwisha kukipigia hesabu kitambaa chake.

"Kaka Athumani, nikupe mkeka mpya kwa hicho kitambaa."

Akatikisa kichwa.

"Mikeka miwili."

Akatikisa kichwa, mkono ukamwenda shingoni. Nikasema moyoni: huyu ni mchuuzi kuliko mimi, hata bei hataji.

Ndipo Siwema akaanza kulia.

"Ameanza," akasema mama. "Mtoto huyu atatuaibisha mbele ya wageni mpaka lini?" Bibi akamfukuza aende mtumbwini akalie huko. Siwema hakwenda. Alipita katikati ya watu, akaketi karibu kabisa na Athumani, bega kwa bega, akanyamaza naye. Alikaa hivyo muda mrefu. Mimi kimya cha namna ile kingeniua. Halafu akaliokota lile tonge, akamwekea kiganjani, akamuuliza kwa sauti ya kumuuliza mtoto aliyeanguka, "Kaka, inakuuma wapi?"

Athumani alilitazama tonge. Akalia kwa namna ambayo sijapata kusikia mwanamume akilia, akavuta kitambaa kikaanguka, na shingo yake yote ilikuwa kidonda cha kamba.

"Msiende," akasema. "Wamejificha kivukoni. Kamba ziko tayari mtini. Yangu waliilegeza ili nije niwaite."

Mtu aliyekula wali wako hawezi kukupeleka kufa. Sheria hiyo tuliijua sote tangu maziwa ya mama. Ndiyo maana hakuweza kumeza. Na sisi tulikaa pale tukiisifu adabu yake! Baba alikuwa ameshika mkuki uliong'aa. Aliuangalia, kisha akamwangalia Siwema, na nikaona midomo yake ikicheza bila sauti.

Maji yalikuwa yanakupwa. Tukaondoka mchana uleule, kwa miguu, kupitia tope ambalo mtumbwi haupiti na buti halithubutu. Bibi na kikapu chake kichwani, baba na mimi tukivutana, na Athumani mbele, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua askari walikoelekeza macho. Siwema alipanda mgongoni kwake. Wale wa kivukoni waliwangoja wanaume wetu, wakawangoja, na kwa kadiri ninavyojua mimi, wanawangoja mpaka leo.

Mpunga wa Bibi ulipandwa. Ulipovunwa mara ya kwanza, juu ya dungu jipya, wazee walikaa kuzunguka sahani wakisubiri mkubwa wao amege, kama ilivyo desturi. Baba akamega tonge la kwanza, akawapita wote, akamwekea Siwema mkononi. Mzee mmoja akasema, "Ndipo lilipostahili," wakapiga makofi, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka ndege wakahama bonde zima bila msaada wangu. Siwema aliziba masikio akicheka. Kisha akaligawa tonge nusu, akampa Athumani. Safari hii Athumani akala.

Baba alikufa mzee, kitandani mwake, akilalamikia chumvi ya mchuzi. Siwema naye aliishi hivyohivyo alivyo. Watu walimjia kutoka mbali wamketishe karibu na mchumba, au na ndugu waliokosana, naye angekaa kimya mpaka jambo litoke lenyewe. Mimi niliyehesabu kila kitu mara mbili niliona kitambaa. Yeye aliona shingo. Nimechelewa kuelewa kwamba wako watu wachache ambao Mungu hakuwapa ngozi nene kwa sababu alitaka wasikie kwa niaba yetu sisi wengine, na kwamba sisi tukiwaona tunaita fundi.

Sasa nishaurini, nyinyi mnaojua biashara. Wajukuu wa yule fundi wapo Ngorongo, nami nimeona zizini kwao mbuzi mwenye sikio jeupe kama yule wetu. Kazi tuliyomlipa babu yao haikufanyika, kwa hiyo mbuzi yule na uzao wake wote ni haki yetu. Lakini ingefanyika, baba angening'inia kivukoni, nasi tungefia mikokoni kwa njaa, nisingekuwepo kudai. Je, niende kuchukua mbuzi wangu, au niwapelekee jogoo wa tatu, kumshukuru babu yao kwa kushindwa?