Kidumu cha Juu ya Moshi

Nianze kwa kukiri mwenyewe kabla mtu hajanitangulia: sikuanza kuokota plastiki kwa sababu ya kulipenda ziwa. Nilianza kwa sababu ya fulana. Jumuiya yetu ya kanisani hapa Musoma ilipangiwa usafi wa ufukwe kila Jumamosi, na katibu akatangaza kwamba atakayejiandikisha atapewa fulana ya kijani yenye maandishi mgongoni, OKOA ZIWA LETU. Mimi nauza vitenge sokoni, kitambaa kizuri nakijua hata gizani. Nikajiandikisha wa kwanza.

Na mwokoaji mwenyewe ndiye mimi, jamani! Kabla serikali haijapiga marufuku mifuko ya plastiki, nilikuwaga nafunga kila kitenge kwenye rambo jeusi, na mteja akisema limekuwa jepesi, namwongezea la pili juu yake. Ukinihesabia rambo zilizotoka mezani kwangu zikapeperuka mpaka majini, bora ninyamaze. Lakini sikunyamaza. Nilipovaa ile fulana nikawa mwalimu wa kila mtu. Niliwafokea hata wanawake wanaoanika dagaa pale mchangani, watu waliokuwa na ziwa lao siku zote mimi nikiwa nimekaa dukani.

"Mama, hiyo chupa ni yako?"

"Si yangu, dada," akanijibu mmoja bila kuinua kichwa. "Lakini chukua tu. Na hiyo uliyoshika utaitupa wapi?"

Niliyoshika ilikuwa ya maji. Tulikuwa tunagawiwa maji ya chupa kila mmoja, ili tusizidiwe na jua wakati wa kuokota chupa. Nilijifanya sikusikia.

Ikaja siku katibu akaleta habari mpya. Jumuiya zitashindanishwa. Kila moja italeta viroba vyake vya plastiki, vitapimwa kwenye mzani, na itakayoshinda itapewa zawadi. Baada ya hapo gari litabeba mzigo wote mpaka Bunda, kwa watu wanaosaga plastiki. Loo, hapo ndipo usafi uliponoga! Watu ambao hawakuwa wameinama kuokota kitu tangu wabatizwe walionekana wamebeba viroba. Kuna familia moja ya jirani ilikunywa soda mfululizo wiki nzima, na mzee wa nyumba ni mgonjwa wa sukari, ili tu kupata chupa. Shida ni kwamba ufukwe wetu tulishausafisha, tukabaki na uchafu mdogo kuliko hamu yetu ya kushinda.

Ndipo nilipomkumbuka mama yangu.

Mama anaishi Butiama, kwenye mji ule ule alikoolewa. Yeye hatupi kitu. Chupa ya maji ikifika kwake inaoshwa, inaanikwa kwenye uchanja, inapewa kazi: hii ya mafuta ya taa, ile ya maziwa, nyingine ya dawa ya ng'ombe. Ijumaa nikapanda gari nikaenda kumsalimia, na kiroba kitupu nimekikunja ndani ya mkoba. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, ugali ukapikwa, tukala na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaushwa, niliowabeba. Asubuhi na mapema akaenda kumwona mgonjwa kwa jirani. Mimi nikaingia jikoni.

Jiko lake ni kile kijumba cha nyuma, cheusi tii kwa moshi. Nilikusanya chupa na madumu yote niliyoona ni matupu, huku najisemea kwa sauti kabisa kwamba namsaidia mzee, plastiki ina sumu, nitamletea mtungi. Juu ya mafiga, kwenye boriti, kilikuwa kinaning'inia kidumu cha mafuta ya kupikia, masizi yamekifunika mpaka rangi haionekani, mfuniko umezibwa kwa nta ya mshumaa. Nikakitungua. Kilikuwa kizito.

Hapa nataka nisijipendelee. Nilijua ni kizito. Nilisimama nacho mkononi, roho ikaniambia, fungua uone. Nikaiambia roho kwamba ni majivu tu, au chumvi ya zamani ya ng'ombe iliyoganda, mama keshasahau. Na wakati naiambia hivyo nilikuwa nauona mzani. Nikakisukumia katikati ya kiroba, nikaweka chupa juu yake, nikamuaga mama njiani haraka haraka. Aliniona na mzigo akasema, "Umepata cha kubeba, vizuri." Akanibariki kwa safari.

Tukashinda. Kwa kilo mbili na kitu! Tulipiga vigelegele utadhani ni harusi. Baadaye nilisikia kwamba hata waliotufuata walikuwa wameweka mchanga kwenye chupa zao, na nikawasema sana kwa kukosa uaminifu. Zawadi ilikuwa ndoo, moja kwa kila mwanajumuiya, zenye mifuniko. Ndoo za plastiki. Kila ndoo imevishwa nailoni mpya ili isichafuke.

Mvua za kwanza zilipodondoka, simu ikalia niko dukani.

"Mwanangu," mama akasema, "kidumu changu cha juu ya moshi kiko wapi?"

Nikaiweka mezani mita yangu ya kupimia. "Kidumu gani, mama? Labda panya."

"Panya wa kubeba dumu?" Halafu akahamia lugha yetu ya nyumbani, na kwetu mama akiacha Kiswahili ujue mambo yamekuwa makubwa. Akaniambia ile ni mbegu yake. Mtama ule mwekundu, mchungu, ambao ndege wanauonja wanauacha. Anauchagua suke kwa suke wakati wa mavuno, anauchanganya na majivu, anauziba, anauning'iniza juu ya moshi usiguswe na fukusi. Majirani waliokuwaga nao waliuacha wote wakahamia mahindi ya dukani. "Nimebaki nao mimi," akasema. "Shamba limelimwa. Nangoja mbegu."

Toba! Nilifunga duka saa hiyo hiyo. Niliona aibu, na chini ya aibu niliogopa, maana mama ni mzee, na mtu wa umri wake ukimwambia hakuna tena cha kupanda, unamwambia na mengine usiyoyasema. Kesho yake alfajiri nikachukua basi la Bunda. Nguo niliyoikuta juu ya kiti ndiyo niliyovaa, sikuangalia.

Pale wanapokusanyia plastiki pamezungushiwa mabati, na ndani kuna mlima. Sijui nisemeje. Miezi yote nilikuwa nahubiri kwamba plastiki imezidi, sikuwa nimeamini kwamba imezidi hivyo. Nikaanza kupekua. Nilipanda juu, nikateleza, nikapanda tena, mimi mama mzima, nafukua madumu moja moja na kumwomba Mtakatifu Antoni, wa vitu vilivyopotea, anionyeshe plastiki moja katikati ya plastiki zote za mkoa wa Mara. Na yote yalikuwa ya njano, jeusi hakuna.

"Wewe, Okoa Ziwa!"

Nikageuka. Wanawake watatu walikuwa wamekaa chini wanachambua chupa kwa rangi, na mmoja, rika langu, alikuwa ananitazama mgongoni. Ndipo nilipojua nimevaa nini.

"Kumbe ninyi ndio mnaotuletea michanga?" akasema. "Tunamwaga michanga yenu mpaka viuno vinauma. Unatafuta nini?"

"Kidumu, dada. Cheusi kwa moshi. Kimezibwa na nta."

Aliacha kuchambua. "Cha mtama?"

Nilikaa chini pale pale kwenye chupa.

"Nilikifungua mimi," akasema. "Nikawaambia hawa, tazameni, aliyetupa mbegu ya kufukizwa moshi amerogwa. Mama yangu alikuwa anaweka hivyo hivyo. Nilimwaga kwenye ungo nipepete majivu, nikaitwa kushusha gari, kurudi nakuta kuku wa bosi wamekwisha kula. Niliokoa kidogo." Akanitazama vizuri. "Wewe ndiye uliyetupa?"

Ningeweza kusema ni watoto. Neno lilikuwa tayari mdomoni. "Ni mimi," nikasema. "Si wangu, ni wa mama yangu. Nilikitia kwenye kiroba ili tushinde mzani."

Wenzake wakacheka mpaka wakalala kwenye mafurushi. Yeye hakucheka. Alikwenda kwenye kibanda, akarudi na kifundo kidogo, konzi tatu hivi za mtama, kwenye rambo jeusi. Sijui alilitoa wapi, na sikuwa na uso wa kumuuliza. Kidumu chenyewe kilikwisha sagwa zamani.

Kwa hiyo nilisafiri kutoka Bunda mpaka Butiama na OKOA ZIWA LETU mgongoni na mfuko uliopigwa marufuku kifuani, nimeukumbatia kwa mikono miwili kama kichanga. Kijana aliyekaa jirani alisoma fulana, akaangalia rambo, akanisogelea kusema kitu. Nikamkazia macho akageukia dirishani.

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa shamba. Udongo ulikuwa umelainika, umelowa, hauna kitu. Nilipiga magoti nikamweleza yote, kuanzia jikoni, na uzito nilioujua, na mzani, na vigelegele, na kuku. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilimletea mama sahani yake mpaka mlangoni. Nilipomaliza nililia, na sikulia kwa adabu.

Alifungua kifundo, akamimina mtama kiganjani, akaupuliza majivu. Akauma punje moja. Akatikisa kichwa kwamba ndio.

"Siku naletwa kuolewa hapa," akasema, "nilikuja na kidogo kuliko hiki. Mama yangu alinifungia kwenye pindo la shuka." Akainuka kwa kujishika goti. "Vua hiyo nguo yako ya maneno, uje unichimbie mashimo."

Tukapanda mistari minne, basi. Sehemu iliyobaki alinisimamia niweke maharage. Wakati tunanawa akaniambia, bila kunitazama, kwamba mistari minne ikizaa atahitaji pa kuweka mbegu, na asisikie habari za mtungi, mtungi hauna mfuniko wa kuzuia fukusi. "Nitafutie dumu," akasema. "Zuri."

Nilifikiria kumpa ile ndoo ya ushindi. Sikuweza.

Jumamosi iliyofuata nilifika ufukweni kabla ya watu wote. Upepo ulikuwa umeshatuletea takataka mpya kutoka huko ziwani, na kwa mara ya kwanza nilizipekua kwa makini, nachagua. Nilipata dumu moja lisilo na ufa, mfuniko wake unakaza sawasawa. Nilifungua kwanza, nikachungulia ndani, nikaingiza na kidole. Lilikuwa tupu. Nikaliosha kwa maji ya ziwa na mchanga, na nilipomwona katibu anakuja na daftari lake la kuandika tulichookota, nikalificha chini ya kitenge.