Fulana ya Karani

Jambo la kwanza ambalo kila mgeni hulitambua kwa Mama Pini ni midomo yake. Muda wote imebana pini tatu nne, na maneno hupita pembeni kama maji yanayotafuta njia kando ya mawe. Majirani wanajua: akizitoa pini mdomoni, mzaha umekwisha.

Jambo la pili ni Karani, mbwa jike wa rangi ya majivu, anayelala mlangoni pa duka la kushonea na kumkagua kila aingiaye kana kwamba anamwandikisha. Sikio moja la Mama Pini liliziba zamani, na la pili humezwa na ngurumo ya cherehani. Mteja angeweza kusimama pale mpaka aote ndevu. Karani hakufundishwa na mtu. Mteja akikanyaga kizingiti, yeye huinuka, huingia chini ya meza na kuweka unyayo wake juu ya mguu wa Mama Pini. Cherehani husimama. "Karibu!" husema fundi bila hata kugeuka, na wateja wapya hudhani ana macho kisogoni.

Siku moja, Mama Pini akimkuna Karani tumbo, vidole vyake viligota kitu kigumu kando ya chuchu, kama kifungo kilichosahauliwa ndani ya bitana. Hakushtuka. Karani alikuwa na vituko vyake: huiba pedi za mabega ya makoti, huzipanga kwenye kona na kuzilamba kama watoto wake.

"Maziwa yameganda," alisema Mama Pini.

"Maziwa ya nani?" Kaka yake, fundi wa rejeta za magari wa kibanda cha pili, alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyu amezaa pedi, dada. Kesho atakuomba nepi!"

Mama Pini akamkanda Karani kwa kitambaa cha moto, wiki baada ya wiki. Kile kifungo hakikuyeyuka. Kikapata mwenzake, mkubwa kama ndimu. Hapo akampeleka kliniki ya mifugo.

Daktari, binti mwembamba asiye na haraka, alimpapasa Karani matiti yote, mstari kwa mstari, kisha kwapani.

"Mama, haya si maziwa. Ni uvimbe wa matiti. Kwa mbwa, karibu nusu ya uvimbe wa namna hii huwa si saratani, na nusu huwa ni saratani. Kwa kushika tu siwezi kujua."

"Sasa nitajuaje, mwanangu?"

"Tuutoe, tuupeleke maabara. Ila kwanza tupige picha ya kifua. Kama umeshafika kwenye mapafu, kumpasua ni kumtesa bure."

Picha ilitoka safi, na vipimo vya damu pia havikuonyesha tatizo. Uamuzi ukabaki mikononi mwa Mama Pini.

Jioni kaka yake alikuja na stuli yake, akaketi. "Dada, mbwa ameshazeeka. Mwache aishi na matiti yake kwa amani. Wakimlaza kwa dawa asiamke, je?"

Swali hilo Mama Pini alikuwa nalo tangu asubuhi. "Nimemuuliza daktari," alijibu. "Amesema hatari ipo, hanifichi. Lakini uzee si ugonjwa, na leo uvimbe bado unacheza chini ya ngozi. Ukishashika nyama, tutakuwa tumechelewa."

Mapajani pake palikuwa na koti la mteja, limetobolewa na nondo. Alilitazama. Karani, chini ya meza, aliweka unyayo juu ya mguu wake ingawa hakuna aliyeingia. Mama Pini akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kimto cha pini.

"Koti likiliwa na nondo halitupwi, wala haliachwi hivyo hivyo. Hukatwa palipoliwa. Atapasuliwa."

Kaka akakohoa. "Basi siku hiyo nitakulindia duka."

Siku ya upasuaji Mama Pini alikaa kwenye benchi la kliniki bila pini hata moja, na midomo haikujua la kufanya. Mlango ulipofunguka, daktari alikuwa akitabasamu. "Ameamka, mama. Kitu cha kwanza alichofanya ni kunikagua."

Nyumbani, Karani aliichukia kola ya plastiki; aligonga kila mguu wa meza na kulia. Mama Pini akashona fulana ya pamba laini, kamba zake mgongoni, ili zilegezwe na kidonda kikaguliwe bila kumvua. Daktari aliigeuza nje ndani, akaikubali, kisha akaomba ashonewe nyingine kwa ajili ya wagonjwa wake.

Majibu ya maabara yakaja: uvimbe ulikuwa saratani kweli, lakini umetoka wote, kingo zote safi. Karani atakuwa akipimwa mara kwa mara, basi.

"Si nilisema mimi?" kaka alipiga kofi hewani. "Upasuaji ndiyo dawa!"

"Ulisema, kaka. Kwa lugha ambayo hatukuielewa."

Kesho asubuhi Karani atatolewa nyuzi, na kutoka kliniki atakwenda moja kwa moja dukani. Mkeka umeshatandikwa mlangoni. Kwenye kona zimepangwa pedi mbili mpya za mabega, ambazo safari hii hazikuibwa. Fundi wa rejeta ameapa kuwa mteja wa kwanza, eti suruali yake inataka upindo. Mama Pini ameitia cherehani mafuta, akavua kiatu cha kulia na kukisukuma kando. Kesho anataka kuusikia ule unyayo vizuri.