Fundi Viatu Kwenye Mkutano wa Wapenzi wa Katuni

Crisanto Baltazar alianza kushona viatu Marikina, Ufilipino, akiwa na miaka kumi na miwili, na kwa miaka thelathini na mitatu hakujua kazi nyingine. Karakana ilipofungwa, tajiri aliwagawia mafundi vipande vya ngozi vilivyobaki, kila mtu akashika njia yake. Crisanto akapata pikipiki yenye kibanda ubavuni, akawa anabeba abiria kati ya soko na kanisa. Mtu akimwuliza kazi yake alijibu "dereva", kisha akabadilisha mazungumzo.

Mkewe Marivic alikuwa Hong Kong mwaka wa sita, akilea watoto wa watu ili wa kwake asome. Huyo wa kwake, Jorelyn, alikuwa na miaka kumi na mitano na maneno ya kuhesabika. Baba na binti waliishi kama wapangaji wanaoheshimiana: umekula, nimekula, funga mlango. Akitoka shule Jorelyn hujifungia chumbani na mkasi, gundi na mikeka ya sponji. Baba alidhani ni kazi za shule.

Siku moja Marivic akapiga simu. "Baba Jore, Jumamosi ijayo kuna mkutano wa wapenzi wa katuni kule Pasay. Mpeleke mtoto. Wa umri wake hawaingii bila mzazi."

"Katuni si zipo kwenye simu? Wanakutana kufanya nini?"

"Wanavaa kama mashujaa wao. Mwanao katengeneza deraya mwaka mzima, na wewe unalala chumba cha pili hujui."

"Sasa mimi nikafanye nini? Nikakae katikati ya watoto waliovaa mabati?"

"Ukakae, ndiyo. Ningekuwepo ningekaa mimi."

Crisanto akauliza treni ya Pasay inaondoka saa ngapi.

Jioni ile Jorelyn alimwonyesha vazi lake. Alikuwa Dagitab, binti mlinzi wa radi katika hadithi aliyoipenda: deraya ya rangi ya fedha, mabega mapana, mkanda wenye taa ndogo. Crisanto alimtazama kuanzia juu, na macho yake yakaishia miguuni, kama yalivyozoea. Binti alikuwa amezivika raba zake za shule sponji na kuzizungushia utepe.

"Hivi ni viatu, au maboga yaliyofungwa bandeji?"

Alitania. Jorelyn hakucheka. Alivivua, akaviweka kimoja kando ya kingine, akarudi chumbani.

Utani ule ulimkaa Crisanto mdomoni kama shubiri. Kesho yake aliacha kazi saa nane mchana, akateremsha sanduku la vifaa kutoka juu ya kabati, akatoa kalibu aliyoitumia mara ya mwisho alipomshonea binti viatu. Akaigeuza mkononi. Ilikuwa ya mguu wa mtoto wa miaka tisa.

Akagonga mlango. "Njoo nikupime."

Jorelyn akakanyaga karatasi, baba akapiga magoti akauzungushia unyayo penseli.

"Umekuwa mkubwa lini hivi?"

"Polepole, baba."

Buti zilimchukua alasiri nne. Zilipanda hadi magotini, ngozi nyeusi ikapakwa rangi ya fedha, na soli alizishona kwa mkono. Jorelyn alizivaa, akatembea hadi getini na kurudi. "Hazibani," akasema. Kwa Jorelyn hiyo ilikuwa hotuba nzima.

Jumamosi wakapanda treni, binti na deraya yake ndani ya mfuko mkubwa, baba na chakula cha mchana na kijipochi kiunoni chenye msharasi wa kutobolea ngozi, uzi wa nta na gundi, endapo buti zingeleta matata. Ukumbini Crisanto alikuta malaika, majini, maroboti na mabinti wenye nywele za buluu, wote wakipigana picha. Yeye alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Kijana mwenye pembe akamtazama kwa makini.

"Mjomba, wewe umevaa kama nani?"

"Kama baba yake," akajibu, akimwonyesha Jorelyn kwa kidevu.

Jorelyn alikuwa ameandikishwa kupanda jukwaani saa sita. Ilikuwa imebaki saa moja walipomkuta mtu mmoja mnene ameketi sakafuni karibu na ukuta, kavaa mwili wa joka, kichwa cha joka kakipakata. Soli ya kiatu chake cha kulia ilikuwa imefunguka kama mdomo wa samaki. Jina lake Efren, mhasibu kutoka Bulacan, na alikuwa karibu kulia.

Crisanto alijitahidi kupita. Hakuweza.

"Aliyekushonea hiki alikuwa anakimbilia wapi?"

"Nilishona mwenyewe, mzee."

"Basi ulikuwa unakimbilia wapi? Lete."

Alikaa sakafuni, akatoboa, akapitisha uzi. Jorelyn alishika soli isicheze. Hawajamaliza, binti mwenye mabawa akasimama nyuma yao na kisigino mkononi. Nyuma yake roboti mwenye kamba iliyokatika. Mstari ukaota wenyewe.

Ndipo Crisanto akasikia sauti asiyoizoea. Jorelyn alikuwa akizungumza. Aliwauliza watu mhusika wao ni nani, akabishana nao, akacheka kwa nguvu. Kisha mtu akauliza huyu mzee ni nani.

"Baba yangu," akasema. "Ni fundi viatu, wa Marikina. Hizi zangu kashona yeye."

Crisanto aliinamia kazi yake zaidi ya ilivyohitaji.

Alipoinua kichwa ilikuwa saa saba kasoro. "Jore! Jukwaa limekupita."

"Nilisikia wakiniita."

"Ukakaa tu? Kwa ajili yangu?"

Jorelyn alizungusha uzi wa nta kidoleni. "Niliogopa, baba. Miguu iligoma. Ukawa unahitaji mtu wa kushika soli."

Baba hakumwambia asiogope. Alisogea, akampa nafasi ukutani, akafungua chombo cha wali na adobo ya kuku. "Mwakani utapanda," akasema. "Leo kula."

Marivic alipiga simu ya picha akiwa amejifungia jikoni kwa mwajiri wake. Kwenye kioo aliona kichwa cha joka kinatafuna wali, kwa kuwa Efren alikuwa amemwachia Crisanto akitunze, na Jorelyn kamvisha. Alicheka huku ameziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo, kisha kitambaa kikapanda machoni.

"Mama Jore, usilie. Ni mimi."

"Najua ni wewe. Nakuona viatu."

Efren ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja Marikina kuagiza buti, akaleta na wenzake. Crisanto hakuacha pikipiki, lakini kibandani aliandika kwa rangi nyeupe: Fundi Viatu, namba ya simu chini. Jorelyn huwapima wateja miguu, akiwahoji mhusika wao ni nani.

Mwaka uliofuata alipanda jukwaani. Alisahau nusu ya mwendo aliojifunza, akageuka upande usio wake, hakupata tuzo. Crisanto alisimama mstari wa mbele akiwa na shati lilelile na simu iliyoinuliwa juu, Marivic ndani yake, akimwambia asitikise mkono.