Mti wa Maji

Mimi sikusoma. Darasa la pili nilitoka kwenda kuchunga, sikurudi. Lakini miti naijua, na nyumba yangu ya bati hapa kijijini Daudi niliisimamisha kwa mikono hii, siyo kwa urithi wa mtu. Ndiyo maana haya yananiuma kuyasema.

Karatusi ni mti wa kazi. Ukiwa mwembamba ni fito, ukinenepa ni boriti, ukikomaa unaupasua mbao. Mbao zake zina hila. Ukizianika juani zinapinda kama pembe za ng'ombe, mpaka uzipange kivulini, katikati uweke vijiti, juu uzikandamize kwa mawe. Hilo nilijifunza kwa kuharibu. Matawi ni kuni. Majani unachemsha, mwenye mafua anajifunika blanketi anavuta mvuke. Ukichanua, nyuki hawaondoki. Kenchi za paa la kanisa letu zilitoka kwangu. Nyumba nyingi za kilima hiki, ukilala chali ukatazama juu, unatazama miti yangu. Lori lilikuwa linatoka Katesh kuja kuifuata, na mwenye lori ananipa shikamoo kabla hajazima injini.

Sasa nieleze kosa.

Miche ya kwanza nilipewa na bwana misitu, kijana mpole wa kutoka mbali. Akaniambia, "Mzee, karatusi ni mti wa maji. Uangalie sana mahali pa kuupanda."

Nikaangalia sana. Kiswahili mimi nimekikuta ukubwani. Nyumbani tunasema Kiiraqw. Mtu akiniambia mti wa maji, naelewa mti unaokaa na maji, unaoyalinda, kama mkuyu. Na chini ya shamba langu palikuwa na chemchemi, kaya zote za bonde zinachota hapo. Nikasema hapa ndipo. Tena mkuyu mkubwa uliokuwa umesimama juu ya jicho la maji nikaukata; maji yatalindwa na karatusi, na mkuyu hauna ubao wa maana, unakula nafasi tu.

Mke wangu alisimama na ndoo yake akanitazama. "Baba, huo wazee waliuacha."

"Wazee hawakuwa na msumeno," nikamjibu. Nikacheka peke yangu.

Miti ikapanda juu kwa haraka hata mimi nilishangaa. Nilivuna, ikachipua, nikavuna tena. Maji yalipoanza kupungua nilisema ni mvua. Yalipopungua zaidi nilisema watu wameongezeka. Siku moja bwana misitu mwingine, mtu mzima, alipita njia akasimama pale chemchemi, akashika kichwa.

"Nani alipanda karatusi hapa?"

"Mimi. Niliambiwa ni mti wa maji."

"Ni mti wa maji ndiyo, mzee wangu. Unayanywa!"

Wanawake waliokuwa na ndoo pale wakaangua kicheko, kisha wakageukia ndoo zao zisizojaa.

Nilikata yote. Sikusubiri mkutano wa kijiji unilazimishe. Lakini karatusi haifi kwa kukatwa. Unakata shina moja, baada ya mvua ya kwanza vinasimama vichipukizi vitano, sita, na mizizi iko kule kule chini inakunywa. Nimevichoma moto visiki. Nimevibandua magome. Nimemwaga chumvi ya ng'ombe. Kila asubuhi nashuka na panga kuvunja machipukizi. Mwezi uliopita mgongo ulinilaza wiki mbili. Niliposhuka yalikuwa yamenifikia magotini, ya kijani, mazuri. Nilichukia jinsi yalivyo mazuri. Mkuyu nimepanda mwingine. Una majani manne. Mimi umri wangu nauona.

Chemchemi sasa inatoa ndoo moja kuanzia alfajiri hadi jua la saa nne, nayo ina tope. Wanawake wamekaa wakapangiana zamu: ndoo hiyo ni ya mwenye mtoto mchanga au mwenye mgonjwa ndani. Wengine wote waende kwenye bomba la ng'ambo ya kilima, saa nzima kwenda, kurudi zaidi kwa sababu ya mzigo. Mke wangu ana miaka kama yangu, na magoti mabovu. Walitaka kumweka kwenye zamu ya wagonjwa. Alikataa mbele yao.

Nilipomuuliza, alisema, "Nikachote hapo, nimtazame nani usoni?"

Bora angenitukana.

Basi juzi nilimtoa punda mwenyewe, nikafunga madumu manne, nikapanda kilima. Huku kwetu mzee hachoti maji. Pale bombani palikuwa na foleni ya wanawake na mabinti. Wote wakaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba mpaka mdomo ukachoka. Halafu mama mmoja wa bonde letu, mwenye ulimi, akasema, "Babu, leo umekuja kupanda miti na huku?"

Wakacheka. Kijana angesema hivyo zamani, ningemjibu neno angelala nalo. Nikashusha dumu moja.

"Nimekuja maji," nikasema.

Binti mmoja akataka kunipisha mbele kwa ajili ya mvi zangu. Nikamwambia abaki. Nikaweka dumu langu nyuma ya la mwisho, nikamshika punda kamba, nikasubiri.