Ukungu wa Soko la Pamba

Miaka ile serikali ya Wabelgiji ilitupenda sana sisi watu wa Kabambare. Ilitupenda hata ikatupa pamba, mmea usiopikwa wala kutafunwa, tuulime kila nyumba. Asiyelima alifungwa. Aliyelima vibaya alichapwa. Huruma tupu.

Mume wangu alikuwa mtoto wa mjini, mzaliwa wa Kasongo, wa ukoo wa wachuuzi wenye kanzu safi. Alihamia kwetu kijijini kwa ajili yangu. Jembe hakulijua, lakini kusema alijua. Siku ya kupeleka pamba sokoni aliita majirani, akamimina kikombe cha maji juu ya donge la pamba mbichi. Matone yakateleza kama kwenye jani la gimbi.

"Mama ya batoto, unaona?" akaniambia. "Maji inakimbia yenyewe! Pamba haina kinywa, itakunywa na nini?"

Majirani wakamsifu. Mtaalamu kapatikana.

"Baba, ukungu si kikombe," nikamwambia. "Tubebe mikeka ya kufunika."

Wanawake wote wa kwetu walilijua hilo kwa mikono. Pamba mbichi ina mafuta kidogo yanayofukuza tone, lakini unyevu wa hewa haubishi hodi. Huingia ndani ya nyuzi polepole, na asubuhi pamba huwa nzito, ukiibinya haifumuki. Jua likiwaka, unyevu hutoka ulikoingilia. Lakini mimi ni nani mbele ya bwana mwenye kikombe?

Tulilala sokoni. Wenzetu walifunika vikapu vyao, vyetu vikaachwa wazi, eti pamba ipumue. Ikapumua kweli. Kulipokucha ukungu ulikuwa umetanda, na Mzungu mnunuzi akaanza na sisi. Akabinya pamba, akatia mbegu moja mdomoni, akaiuma. Mbegu kavu hulia ikipasuka. Yetu ilibonyea kimya. Akasema neno kwa moniteri, mtu wa kwetu aliyemsaidia kutukagua na kututafsiria.

"Bwana anasema mumetia maji," moniteri akatangaza. "Munamwibia kilo."

Aliyetia maji alichapwa palepale, mbele ya watu. Nikapiga magoti.

"Mwambie Bwana angojee jua! Kama ni ukungu, utatoka wenyewe. Hatukutia maji, hata kidogo!"

Moniteri akayatafsiri yote hayo kwa neno moja. Sijui Kifaransa, lakini najua ufupi. Mume wangu akalazwa kifudifudi, akachapwa kama mwizi, naye hajawahi kuiba hata ndizi ya jirani. Nililia kwa hasira, na hasira hiyo bado ninayo.

Nikaitandaza pamba juani peke yangu. Adhuhuri nikairudisha. Ilikuwa nyepesi, inafumuka. Mzungu akauma mbegu, ikalia. Akatabasamu, akamtazama mume wangu aliyekuwa ameegemea mti kwa bega, mgongo haugusiki. Akasema kitu, na moniteri akapaza sauti soko zima lisikie:

"Munaona? Fimbo inakausha pamba!"

Watu hawakucheka.

Msimu uliofuata mnunuzi alikuwa yuleyule, na ukungu uleule. Hakujisumbua tena kubinya pamba ya mtu. Alianza na fimbo, kisha akaketi kungoja jua.