Notisi ya Kumhamisha Krishna

Wenye viwanda vya nguo wa Tiruppur, kusini mwa India, walimpenda Visalatchi kama watu wanavyompenda daktari wa meno, yaani siku jino linapouma. Siku nyingine wakimwona anaingia getini na kipikipiki chake, sari kaichomeka kiunoni na kitabu cha sheria kimefungwa nyuma kwa mpira, ghafla kila mmoja anaongea na simu.

Hakuwa wakili. Alianza akiwa msichana wa kukata nyuzi kwenye karakana ya fulana, akashika mkasi mpaka kidole gumba kikaota sugu, kisha akapandishwa ofisini na kusoma sheria za kazi jioni. Sasa alikuwa mshauri. Kazi yake ilikuwa kuwaambia waajiri mambo wasiyotaka kuyasikia, kabla mkaguzi hajaja kuwaambia mwenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mji ule ulijaa watu waliojenga kuta tatu tatu na bado hawajajifunza.

Mteja wake wa kwanza alikuwa Nachimuthu, bwana mnene mwenye moyo mzuri na ujanja wa bei rahisi. Sheria inasema kiwanda chenye watu hamsini na kuendelea lazima kiwe na chumba cha kulelea watoto wa wafanyakazi. Nachimuthu alikuwa na watu arobaini na tisa.

"Na hao wanaoshona nyuma ya pazia?" Visalatchi alimuuliza.

"Hao ni wa kampuni ya mke wangu, Dada."

"Pazia kalishona nani?"

Nachimuthu akakuna shingo. "Wa huku."

"Basi lishushe kabla halijatoa ushahidi."

Ilichukua miaka miwili ya kubishana namna hiyo, lakini pazia lilishuka na chumba kikajengwa. Visalatchi mwenyewe ndiye aliyechagua mahali, pembe ya kaskazini mashariki, penye jua la asubuhi na upepo, mbali na joto la boila. Ukuta ukachorwa kasuku. Poongodi, fundi cherehani aliyekuwa anakaribia kwenda likizo ya uzazi, alisimama mlangoni na tumbo lake akiwatazama wale kasuku.

"Kweli hiki ni cha watoto wetu, Dada? Si cha kupigia picha mkaguzi akija?"

"Nenda kajifungue salama. Ukirudi utakikuta. Nakuahidi."

Lo, mdomo! Kwa sababu alipopita tena baada ya miezi michache, Visalatchi alinusa ubani kabla hajakata kona. Chumbani, mbele ya kasuku, alikuwa amekaa Krishna mtoto, wa shaba, anatambaa, mkono mmoja kashika bonge la siagi, shingoni maua mapya. Ramathal, mama yake Nachimuthu, alikuwa amekuja kutoka kijijini, akakuta chumba kisafi, kitupu, upande wa kaskazini mashariki, akajua mwanawe hatimaye amepata akili. Akaita kuhani, dua zikasomwa, Mungu akaingia.

Na kosa lilikuwa la nani? Katika mji ule hata fundi mwashi mlevi anajua kwamba pembe ya kaskazini mashariki ni ya Mungu. Visalatchi mwenyewe hakuwahi kuthubutu kuweka hata ndoo kwenye pembe hiyo nyumbani kwake. Lakini siku ile alikuwa na sheria tu kichwani, akaupima upepo na jua, akasahau kwamba mwenye pembe yupo.

"Mhamishe," alimwambia Nachimuthu.

"Nimhamishe nani? Nimpe Mungu notisi ya kuondoka?"

"Ungeniuliza kabla hujamweka."

"Nani anamuuliza mshauri wa kazi pa kumweka Mungu? Chukua chumba kile cha karibu na boila."

"Watoto si mikate, Nachimuthu."

Wakaachia hapo, kila mmoja kakunja uso. Visalatchi alijiambia kuna muda, Poongodi bado yuko likizo. Lakini likizo huisha. Poongodi alirudi, na mama mkwe aliyetarajiwa kubaki na mtoto akateleza kisimani akavunjika nyonga. Basi yule binti akafanya alichoweza. Akawa anamwingiza mwanawe wa kike, Yazhini, kiwandani ndani ya kikapu cha chakula, anamlaza kwenye katoni la fulana chini ya meza, na wanawake wote wa mstari ule wanakohoa kila mtoto akilia. Kukohoa gani huko! Mgeni angedhani kiwanda kizima kina kifua kikuu.

Ijumaa Nachimuthu akaliona lile katoni, nusura lifungwe gundi na kupakiwa kwenye lori. Woga wake ukatoka kwa sura ya ukali.

"Jumatatu uje peke yako. Au usije."

Poongodi alimngoja Visalatchi getini. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Dada, uliniahidi," alisema, akaondoka na kikapu chake. Ahadi ni deni, na Visalatchi hakuwa na cha kulipia.

Kesho yake ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa Krishna. Ingekuwa mapumziko, lakini usiku iliingia oda ya haraka, kwa hiyo watu waliitwa kushona asubuhi, sala ingekuwa mchana. Visalatchi alifika amevaa sari yake ya hariri na kukaza roho, kitabu kwapani. Akamkuta Ramathal ameinama sakafuni, sari kaipandisha, tambuu shavuni, anachovya ngumi kwenye uji wa unga wa mchele na kuigandamiza chini. Ubavu wa ngumi unatoa wayo, ncha za vidole zinatoa vidole vitano. Nyayo ndogo ndogo nyeupe zilianzia getini, zikapita katikati ya vyerehani, zikaelekea chumba cha kasuku. Ndivyo wanavyomwonyesha Krishna mtoto njia siku yake, nyumba zote.

"Usinikanyagie Mungu wangu, we Visalatchi!" bibi alifoka bila kuinua kichwa.

"Shikamoo, Mama. Sikanyagi."

Akamvuta Nachimuthu pembeni.

"Sikia. Leo sijaja kukutisha na mkaguzi. Jana ungepakia mtoto kwenye lori."

"Unadhani nimelala?" Macho ya Nachimuthu yalikuwa mekundu kweli. "Ndiyo maana nimesema asije naye!"

"Aende naye wapi?"

"Dada, mama yangu ananiuliza kila siku kama Mungu wake kafutwa vumbi. Niende nimwambie nini?"

"Kama huwezi kumwambia, tafuta mshauri mwingine. Mimi sitapita mbele ya kasuku wale tena nikijua nilimdanganya mtu."

Alilisema kwa sauti ya chini, na likamwogopesha mwenyewe. Nachimuthu ndiye aliyempa kazi wakati wengine wote walicheka.

Hapo ndipo vyerehani vilipoanza kunyamaza, kimoja baada ya kingine. Hakuna aliyekohoa safari hii.

Katoni lilikuwa limelala ubavu. Yazhini, nepi inaning'inia, hereni ndogo masikioni, kidoti cheusi shavuni cha kuzuia jicho baya, alikuwa katikati ya njia. Alipiga kofi wayo wa kwanza, akautazama mkono wake uliokuwa mweupe, akafurahi, akapiga wa pili. Akaendelea hivyo hivyo, wayo kwa wayo, kwa magoti, akizifuta nyayo za Krishna kwa nepi yake. Poongodi aliruka kutoka kwenye kiti, uso umekwisha damu.

"Mama, nisamehe, nisamehe! Nimemleta kwa leo tu—"

"Usimguse!" Ramathal alinyoosha mkono wenye uji. "Mwache. Anajua anakokwenda."

Na kweli alijua, maana siagi inanukia. Akaingia chumbani, akapita taa ya mafuta kwa umbali uliomfanya Visalatchi aruke kuihamisha, akakaa kitako mbele ya Krishna wa shaba, akatia mkono mzima kwenye bakuli la siagi ya sadaka. Wawili wale wakakaa wanatazamana, kila mmoja na bonge lake.

Kiwanda kizima kilingoja radi. Ramathal akatema tambuu dirishani.

"Mwaka huu amekuja na hereni," alisema.

"Mama," Nachimuthu alinong'ona, "ni mtoto wa Poongodi."

"Na Krishna alikuwa wa nani? Amezaliwa gerezani, mama yake amefungwa, akapelekwa usiku kulelewa na mama wa watu. Wewe hadithi hiyo nilikuimbia mpaka ukaota meno. Leo una chumba, mama yuko hapo anashona, na mtoto unamweka kwenye katoni?"

"Lakini Mama, wewe ndiye uliye—"

"Mimi nilikuta chumba hakina mtu! Mungu abaki, watoto waingie. Yeye mwenyewe ni mtoto, atachoka kukaa peke yake na kasuku."

Visalatchi alikuwa amekuja na vifungu, na hakuna kimoja alichokitumia. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ncha ya hariri, akacheka. Kisha, kwa kuwa alikuwa yeye na si mtu mwingine, akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Krishna apandishwe kwenye rafu. Taa iwe juu. Mlangoni kizuizi. Na mlezi aliyesomea."

"Mlezi nipo," alisema Ramathal.

"Mama, wa cheti lazima awepo."

"Aje, nitamfundisha."

"Basi na wewe utaandikwa kazi kama wengine. Mshahara, saa za kazi, siku ya mapumziko."

"Nimwajiri mama yangu?" Nachimuthu alishika kichwa.

"Na ukimchelewesha mshahara, nitamwambia pa kukushitaki."

Wanawake wa mstari walipasuka kwa kicheko, na Poongodi alikuwa wa mwisho kucheka na wa mwisho kunyamaza.

Jumatatu aliingia kwa geti kubwa, Yazhini kiunoni, hana kikapu. Chumbani Visalatchi alikuwa amekaa na Ramathal, anaandika barua yake ya ajira.

"Mama, kabla ya hapa umewahi kufanya kazi gani?"

"Kazi? Sijawahi kufanya kazi. Nimelea tu. Wanane wa kwangu, watano wa marehemu dada yangu."

Visalatchi akaandika, akamsomea kwa sauti alichoandika: mlezi wa watoto, mwenye uzoefu wa maisha yote. Bibi akamwomba arudie. Akamwachia Yazhini avute bangili zake.

"Kumbe ilikuwa kazi," alisema.

Nachimuthu alikuwa amesimama mlangoni, kalamu mkononi. Aliinama akatia sahihi, na hakuinua uso haraka.